Kisa Kisicho na Lugha: Kuhusu Kazi Zetu za Maadili ya Tiba

Muhula huu tumeandika kazi sita za maadili ya tiba na kufanya mijadala miwili, mmoja hapa Dzaleka na mwingine Lilongwe. Nimezirudia kazi zote sita kabla ya kuandika makala haya. Katika visa tulivyopewa yumo daktari, yumo mgonjwa, wamo ndugu, mara moja yumo hata mwanasheria wa hospitali. Mkalimani hayumo katika kisa hata kimoja. Watu wote wa visa vyetu wanaelewana tangu neno la kwanza, kana kwamba walilelewa nyumba moja. Hoja yangu ni kwamba pengo hilo si dogo, na haliwezi kuzibwa kwa kuongeza sentensi moja mwishoni mwa kisa. Ukimtia mkalimani ndani, swali lenyewe tunaloulizwa hubadilika, na mara nyingine hufa kabisa.

Nichukue kisa cha tatu, kwa kuwa ndicho kilichotugawa Lilongwe. Bi. M., mwenye umri wa miaka 58, ana saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Majibu yanapotoka, mwanawe anaingia ofisini kwa daktari kabla ya mama na kumsihi asimwambie, akihofu kwamba mama atakata tamaa. Tukaulizwa: daktari afanye nini? Tutaje kanuni zinazogongana, tuzipime, tutoe uamuzi, kwa maneno yasiyozidi 800.

Kanuni tunazotakiwa kuzitaja ni zile nne za Tom Beauchamp na James Childress, ambao kitabu chao, Principles of Biomedical Ethics, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1979: uhuru wa mgonjwa kujiamulia, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Tumezizoea mno. Tunachora jedwali, tunaweka kanuni moja kushoto na nyingine kulia, tunaandika "kwa upande mwingine" mara mbili tatu, na alama zinapatikana. Katika mjadala, waliotetea kusema ukweli walisimama kwenye kanuni ya kwanza. Sisi tuliopangiwa kutetea ombi la mwana tulisimama kwenye ya tatu, na tulipoona tunaelemewa mwenzetu mmoja akauchomoa umunthu. (Nimeona kwamba kila mjadala wetu unapokwama, umunthu huitwa kama mgambo. Hakuna aliyeuliza kama familia ya Kichewa ya Area 25, familia ya Wabembe na familia ya Warundi huficha habari mbaya kwa namna moja.) Tulipigiwa makofi na tukashindwa kwa kura tatu.

Jambo ambalo upande wowote haukuligusa ni hili: mwana na daktari walizungumza kwa lugha gani? Na mama je?

Kwa anayeishi Dzaleka swali hilo haliepukiki. Kambi yetu iko wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000, na sasa tumepita 50,000. Wengi wetu ni Wakongomani, kisha Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni, kisimani na makanisani. Zahanati ya kambi inahudumia sisi pamoja na wenyeji wa vijiji vya jirani, na wahudumu wake wengi wanazungumza Kichewa na Kiingereza. Mtu aliyefika mwaka jana kutoka Fizi hana lugha hata moja kati ya hizo mbili. Basi anakwenda na mtoto wake anayesoma shule, au na jirani, au anamwomba yeyote aliye karibu kwenye foleni.

Kwa hiyo mwana wa Bi. M. wa Dzaleka haendi ofisini kumsihi daktari. Hana haja, maana yeye ndiye mkalimani. Daktari anasema sentensi tatu kwa Kiingereza, kijana anamgeukia mama na kusema moja. Daktari huyo anaweza kuwa mtu mwadilifu kupita kiasi, aliyesoma kitabu cha kanuni nne jalada hadi jalada. Ataandika kwamba mgonjwa ameelezwa na amekubali, na kwa kadiri anavyojua atakuwa anasema kweli. Mgongano tuliotumwa kuutatua kwa maneno 800 umeshatatuliwa kinywani mwa kijana wa miaka 16, kwa muda wa kumeza mate. Kumuuliza daktari afanye nini ni kumuuliza mtu aliyefika baada ya matanga kumalizika.

Tod Chambers, katika The Fiction of Bioethics cha mwaka 1999, alionyesha kwamba visa vya maadili ya tiba vinapaswa kusomwa kama maandishi ya kifasihi hata pale vinapotokana na mambo yaliyotukia: yuko anayesimulia, kuna mahali anaposimama, na kuna mambo aliyoamua kuyaacha. Sisi tunaochukua pia somo la fasihi ya Kiswahili tungeliona hilo upesi kama kisa cha tatu kingeletwa kwetu kama hadithi fupi. Tungesema msimulizi ameketi kwenye kiti cha daktari na haondoki hapo. Tungesema Bi. M. hatamki neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho, hana kijiji, hana jina kamili, na hajulikani alifikaje hospitalini. Tungesema mwana hana umri. Lakini kwa kuwa kimeletwa kama "kisa", tunakipokea kama taarifa, kisha tunakimbilia jedwali.

Mwaka jana nilimsindikiza mama jirani yangu hospitalini Lilongwe. Nimemsomea sehemu hii naye ameniruhusu kuiandika, ila ameniomba nisitaje bloku anayokaa. Alikuwa amekwenda zahanati miezi miwili mfululizo na kijana wake, na kijana alikuwa akimwambia ni "infeksheni". Lilongwe mganga alieleza vizuri, bila haraka, kwa Kiingereza: kuna uvimbe, tunashuku ni kansa, lazima tuchukue kipande kidogo tukapime, kisha ndipo tutajua. Kijana akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, ili mama asisikie: sema ni uvimbe tu. Mama akanigeukia. "Mtoto wangu, munganga anasema nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vitabu vyetu vinaliwazia neno "kutafsiri" kama bomba la maji, linaloingiza huku na kutoa kule vilevile. Mimi nilikuwa na maneno matatu mkononi. La kwanza ni saratani, ambalo ndilo Kiswahili sanifu, ndilo tunaloandika katika kazi zetu, na ambalo mama yule hajawahi kulisikia. Ningelitamka, hakuna mwalimu angenikosoa, na mama angebaki gizani. La pili ni kansa, la Waswahili wa mashariki na la redio. La tatu ni kansere, la kwao, lililoingia kutoka Kifaransa, neno ambalo watu wa Kivu wakilitaja hushusha sauti. Kwa mujibu wa kamusi maneno haya matatu ni kitu kimoja. Kwa mama yule la kwanza ni kelele tu na la tatu ni kaburi. Uhuru wake wa kujiamulia ulining'inia kwenye uchaguzi wa msamiati, na katika sura nzima tuliyosomeshwa juu ya ridhaa sikukutana na jambo hilo.

Tena kulikuwa na sarufi. Mganga alisema wanashuku. Kushuku si kujua, na mtu mwenye hofu hasikii "huenda", husikia nomino inayofuata. Nikasema: kuna uvimbe, wanaogopa isije ikawa kansere, ndiyo maana wanataka kupima kwanza. Na neno kupima nalo lina mizigo yake. Kiswahili hupima unga, hupima kiwanja, hupima damu, hupima joto. Nilipoeleza kwamba watakata kinyama kidogo wakipime, mama aliinuka kwenye kiti, na ikanibidi kuonyesha kwa ncha ya ukucha ukubwa wa kinyama chenyewe.

Kisha akaketi na kusema jambo ambalo hakuna upande wa mjadala wetu uliolifikiria. Alisema alikuwa anajua. Kule zahanati aliwasikia wahudumu wakisemezana kwa Kichewa, khansa, khansa. Nani asiyejua khansa ni nini? Alinyamaza miezi miwili kwa sababu aliona kijana wake anajitahidi sana kumficha, akamhurumia. Baada ya hapo akauliza tutarudi na gari gani, maana jioni minibasi huwa chache.

Kuna kitu kingine ambacho kisa cha tatu hakikitaji, na kinapatikana kwa kila mgonjwa wa Malawi: kile kijitabu cha afya. Hapa mgonjwa hutembea na historia yake ya ugonjwa mkobani. Kila anapotibiwa, mganga huandika humo, kwa Kiingereza na kwa vifupisho, kisha humrudishia. Mama jirani alikuwa amebeba jina la shaka yake miezi miwili, ndani ya kitambaa, pamoja na kadi ya mgao. Asingeweza kulisoma. Kijana aliweza, mimi niliweza, na yeyote aliyesoma sekondari kwenye foleni angeweza. Kanuni ya usiri inamtaka daktari asitoe siri ya mgonjwa kwa watu wengine. Hapa siri iko mikononi mwa mgonjwa mwenyewe na anayefichwa ni yeye. Kijitabu chenyewe sikilaumu. Kimeokoa watu wengi wanaohama kutoka zahanati hii hadi hospitali ile bila faili lolote kuwafuata. Nasema tu kwamba mwandishi wa kisa kinachotokea Malawi akikiacha, kisa chake kitakuwa kimetokea kwingine.

Mtu anaweza kudhani haya ni matatizo ya wakimbizi peke yao. Sivyo. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto. Watoto wapatao 200 waliingizwa katika jaribio, nusu wakapewa Trovan na nusu ceftriaxone, na 11 walifariki. Kisa hiki tulikisoma wiki ya pili, na sote tuliandika juu ya tamaa ya makampuni. Lakini ugomvi wa ridhaa katika kesi zilizofuata ulikuwa juu ya maneno: kampuni ilisema wazazi walielezwa kwa mdomo wakakubali, familia zikasema hazikuambiwa kuwa ni jaribio. Pfizer ililipana na Jimbo la Kano mwaka 2009 kwa makubaliano ya dola milioni 75. Kilichosemwa kando ya vitanda vile, kwa lugha gani na kwa maneno gani, hakina maandishi ya kukithibitisha. Katika kazi zetu zote za wiki ile, hakuna aliyeuliza neno gani la Kihausa lilitumika kwa "jaribio".

Anne Fadiman aliuliza swali la namna hiyo. Kitabu chake The Spirit Catches You and You Fall Down, cha mwaka 1997, kinasimulia habari za Lia Lee, mtoto wa wakimbizi Wahmong kutoka Laos waliohamia Merced, California, aliyekuwa na kifafa. Mara za mwanzo alipofikishwa hospitalini hapakuwa na mkalimani, na ugonjwa wenyewe haukutambuliwa. Baadaye dawa zikabadilishwa tena na tena, wazazi wakashindwa kuzitoa walivyoagizwa, na mwaka 1985 mtoto akachukuliwa kwa muda kutoka mikononi mwao. Ninachokipenda katika kitabu hiki ni kwamba madaktari wake si waovu. Wanafanya kazi usiku na mchana, na bado hawasikii. Ninachokilaumu ni kwamba hatimaye wengi wanakisoma kama kitabu cha "utamaduni", cha roho na makafara, ilhali mwanzo wake ni jambo la kawaida sana: mzazi na mganga chumbani, na hakuna wa kutafsiri. Marekani yenyewe, katika kanuni za mwaka 2016, ilizuia hospitali zinazopokea fedha za serikali kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Kanuni hiyo ikipelekwa zahanati ya Dzaleka kesho asubuhi, nusu ya foleni itarudi nyumbani.

Kazi iliyonifundisha zaidi kuliko zote haitoki Marekani wala Ulaya. Inatoka Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989. Watafiti wa huko, akiwemo Dorcas Kamuya, wameandika juu ya wafanyakazi wa nyanjani: vijana wa hapohapo wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaoeleza utafiti kwa Kiswahili na Kigiriama, na ambao jioni hurudi kulala katika vijiji vilevile. Huyo ndiye mtu wa tatu ninayemtafuta. Katika makala ya mwaka 2015 Kamuya na wenzake waliangalia watu wanaokataa bila kusema wamekataa. Wanaitikia vizuri, hata sahihi wanaweka, kisha siku ya kuja kutolewa damu hawapatikani nyumbani. Kichwa cha makala hayo kimetokana na methali yetu, akufukuzaye hakuambii toka.

Nilipoyasoma ndipo nilipoona kwamba Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo kazi zetu hutumia moja. Idhini ni ruhusa. Mtu huitoa, na karatasi huibeba. Ridhaa inatokana na kuridhika, na karatasi haiwezi kuibeba. Watu wa Kilifi walikuwa wakitoa idhini bila ridhaa, na miguu yao ndiyo iliyosema. Wafanyakazi wa nyanjani walijua tofauti hiyo kwa sababu waliijua miguu ya majirani zao. Hata hivyo tusiuchukue mfano wa Kilifi kama ulivyo. Mfanyakazi wa nyanjani ameajiriwa, amefunzwa, ana msimamizi wa kumwendea akikwama. Kijana wa mama jirani alikuwa na mtihani wa hisabati siku iliyofuata.

Nilipotoa hoja hizi darasani, mhadhiri wetu alijibu kwamba kisa ni chombo cha kufundishia: tunaondoa kelele ili kanuni ionekane. Ni jibu la haki, na ninakubali kwamba kisa chenye kila kitu hakifundishi chochote. Tena, kwa kuwatendea haki Beauchamp na Childress, wao hawakusema tuchore majedwali. Wanataka kanuni zifafanuliwe kulingana na mahali, na katika mjadala wao wa ridhaa wanaweka kuelewa kwa mgonjwa kuwa sharti, si pambo. Kosa ni la mazoezi yetu zaidi kuliko la kitabu chao. Lakini nani ameamua kwamba mkalimani ni kelele? Mtu anayeweza kuzuia ukweli usimfikie mgonjwa, au kuzuia "hapana" ya mgonjwa isimfikie daktari, ana mamlaka chumbani kuliko wote. Ukimwondoa yeye, unakuwa umeondoa kanuni yenyewe na kubakiza samani.

Na tukizungumzia mamlaka, hospitali kuu ya Lilongwe, ambako kambi hupeleka wagonjwa wake mahututi, inaitwa kwa jina la Kamuzu Banda. Banda alikuwa daktari: alihitimu udaktari Meharry, Tennessee, mwaka 1937, akasoma tena Edinburgh, akatibu watu Uingereza kwa miaka mingi. Katika utawala wake Dzaleka ilikuwa gereza, na mwaka alioondoka madarakani, 1994, ndio mwaka kambi ilipofunguliwa hapa. Sijui la kufanya na habari hii katika jedwali la kanuni nne. Naijua tu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka pingamizi kwa vifungu kadhaa, kikiwemo cha 26, kinachohusu uhuru wa kwenda utakako. Mama jirani anapoambiwa "achague" atibiwe wapi, neno hilo nalo linahitaji mkalimani.

Nimempa mhadhiri pendekezo la kisa cha tatu kwa ajili ya wanaokuja. Linasema hivi: Bi. M., miaka 58, anazungumza Kibembe na Kiswahili cha Fizi. Mganga anazungumza Kichewa na Kiingereza. Kijana wa Bi. M., miaka 16, anazijua zote isipokuwa Kichewa cha hospitali. Jina la ugonjwa limeandikwa kwa Kiingereza katika kijitabu kilicho mkobani mwa mama. Mganga amesema sentensi tatu, kijana ametafsiri moja, mama ameitikia kwa kichwa. Kijana afanye nini sasa? Na ni nani aliyepaswa kuketi kwenye kiti chake?

Nilikipitisha kwa wenzangu kabla ya kukikabidhi. Mmoja wa Lilongwe alisema maneno 800 hayatatosha. Mwingine, Mrundi wa hapa kambini, aliuliza kwa nini lazima awe kijana wa kiume wa miaka 16, wakati nyumbani kwao anayetafsiri ni yeye tangu akiwa mdogo, na mara ya kwanza ilikuwa mimba ya mama yake iliyoharibika. Amekiandika upya yeye mwenyewe. Katika nakala yake ni msichana wa darasa la nne.